Goti la Mwaka Sabini na Tisa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kwa miaka arobaini na sita nimeficha ukweli kuhusu goti langu la kulia. Daktari wa moyo ameniambia nisipange mambo ya mwakani, kwa hiyo nitauandika humu. Si leo. Leo nina kazi.

Tarehe 16 ni gusaba, yaani posa, ya mjukuu wangu Kaliza. Wakwe watakuja kumwomba, na mzee wa kuwajibu husimama. Mimi kusimama dakika tano ni vita. Shemeji Rugamba, kaka wa marehemu mke wangu, amejitolea kunipokea kazi hiyo. Kwa upole. Upole huo naujua. Mwezi wa tano alichomwa sindano ya bega, sasa anachuma parachichi mbele yangu makusudi.

Nitachomwa hiyo hiyo.

Jumatano, 6 Agosti
Kliniki, Kimironko. Daktari Mukagasana alieleza. Wanachukua damu yako, wanaizungusha kwenye mashine, sehemu yenye chembe za kugandisha damu wanairudisha ndani ya goti. Nisimeze vidonge vyangu vya maumivu, diklofenaki, wiki moja kabla, vinadhoofisha chembe hizo. Maumivu huweza kuzidi siku chache. Nafuu, ikija, huja baada ya wiki kadhaa, na goti lililolika kama langu huenda lisipate kitu. Akauliza kama nina shughuli karibuni. Nikasema mzee kama mimi ana shughuli gani.

Kaliza amechukua vidonge vyangu vyote. Hajui habari za mkebe wa miwani.

Jumatano, 13 Agosti
Rugamba alisisitiza kunisindikiza. Muuguzi akauliza kama nimemeza dawa yoyote. Nikasema hapana. Rugamba, aliyeniona nikimeza vidonge viwili garini, akafungua mdomo. Nikashika goti, nikaguna kidogo. Hila hiyo haijawahi kushindwa. Nikilishika tu, anakumbuka Bukoba, pikipiki yake, mimi nyuma, tulivyoanguka. Akatazama sakafu.

Damu ilitoka nyekundu, ikarudi ya manjano kama sharubati. Sindano ilipoingia nilimwita marehemu mke wangu, na wengine wasiofaa kuandikwa.

Ijumaa, 15 Agosti
Goti limekuwa boga. Kaliza akaniambia, Babu, kesho aseme Babu Rugamba. Anaogopa moyo wangu utazimika katikati ya maneno. Nami naogopa hivyo hivyo. Nikamwambia nitasema hata nikibebwa. Akaondoka akifuta macho.

Vidonge vinne.

Jumamosi, 16 Agosti
Desturi yetu: mwenye binti hukataa kwanza kwa utani, wageni wakabembeleza, kisha akakubali na kukaa. Mzee Zephaniah, msemaji wa wakwe, alibembeleza vizuri. Nikakataa vizuri zaidi. Nilipotaka kukubali, goti likakaza. Ningekubali, ningepaswa kukaa. Ningejaribu kukaa, ningeanguka mbele ya watu mia mbili.

Nikakataa tena. Nikasema binti bado anasoma. Zephaniah akasema ana shahada mbili. Nikasema basi aitafute ya tatu. Wakacheka. Mara ya nne hawakucheka. Manzi, kijana wa watu, alikuwa akijipangusa jasho kwa tai. Nyuma ya pazia nikamsikia Kaliza akiuliza kama Babu anakataa kweli. Moyo ulipiga ulivyotaka.

Rugamba akainuka na kiti. Akatangaza kwamba Shemeji amewapima wakwe subira ya kutosha, hata ng'ombe wao wamechoka kusubiri. Akanishika kiunoni, akaniketisha kama mtoto. Kwa sauti ndogo nikasema, mchukueni. Vigelegele.

Jumapili, 17 Agosti
Rugamba alikuja na maziwa. Akaomba radhi kwa ile pikipiki, kama kila mwaka. Akalia. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu. Nikaona sasa ndiyo saa yenyewe, nikafungua mdomo.

Akasema Desemba wanakuja kumwomba mjukuu wake Annick, na kwa ajili ya goti hili, niwajibu mimi.

Nikasema nakubali.

Nimeshampigia daktari kuuliza sindano ya pili. Mkebe wa miwani nimeujaza.

Haya, ukweli. Pikipiki ilinitupa kwenye majani, nikainuka mzima. Goti liliumia wiki iliyofuata, nikimkimbia bata mzinga wa padri.