Vizazi Tisa kwenye Laptop ya Rosalind

Jumamosi, 1 Machi

Nimesalitiwa. Naandika na koti bado mwilini, theluji inayeyukia kwenye zulia. Mke wangu Lavonne ameshaniuliza kama nangoja basi. Acha acheke.

Mambo yalikuwa hivi. Klabu yetu ya kompyuta kuukuu hukutana ukumbi wa chini wa kanisa. Kila Machi tuna maonyesho. Na kila Machi mimi na Arvid Tollefson hukaa meza moja, ile ya karibu na mlango, laptop yetu katikati, nusu ya mji wa Duluth ikipita kutusalimia. Arvid na Delmar. Ndivyo tunavyojulikana! Leo Arvid kasimama, kakohoa, kasema mwaka huu atakaa na Rosalind Kaski.

Rosalind! Mtu kajiunga Oktoba!

Sababu eti laptop yake inapanda. Kupanda kuna sheria moja tu: unaanza na mfumo endeshi wa zamani kabisa, wa enzi za disketi. Juu yake unaweka wa pili, juu ya wa pili unaweka wa tatu, hufuti kitu, mpaka mashine iishiwe pumzi. Kila mfumo tunauita kizazi. Yangu na Arvid iliishia kizazi cha sita. Ya Rosalind imefika cha tisa. Rangi za skrini alizochagua kwenye kizazi cha kwanza, haradali na zambarau, zimepanda nayo mpaka juu. Yaani ni mbaya, jicho linauma. Arvid alizitazama kama mtu anayetazama mjukuu.

Halafu akanishika bega. Eti mzee mwenzangu, nawe tengeneza inayofika tisa, tuziweke mbili pamoja. Mbele ya watu! Dharau gani hii?

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitoa laptop ya akiba stoo. Nitapanda vizazi kumi. Arvid atarudi kwangu akitambaa.

Kizazi cha kwanza: disketi moja baada ya nyingine, mashine inazisoma kwa sauti ya mtu anayetafuna barafu. Safi. Cha pili, safi. Cha tatu kikanikatalia kipanya, nikakitukana, kikakubali. Cha nne: skrini ya bluu, ile ya hitilafu. Nikarudia. Bluu. Nikaizima, nikaiombea, nikaiwasha. Bluu ile ile.

Arvid akapiga simu. Kauliza kama nahitaji msaada, maana cha nne kina ujanja wake. Nikamwambia niko salama salimini, nimeshapita huko zamani. Akasema haya, basi yeye anampeleka Rosalind ziwani kumwonyesha kibanda chake cha kuvulia samaki kwenye barafu.

Kibanda! Mimi nilingoja miaka kualikwa kwenye kile kibanda!

Sina wivu. Nimevunja kijiko tu, na chenyewe kilikuwa dhaifu.

Jumatano, 5 Machi

Supu ya Kwaresima kanisani. Rosalind kaleta vile vikeki vyake vya limau vya kukata mraba. Arvid kala vinne. Vikeki vya Lavonne hajawahi kula zaidi ya viwili, na nimekuwa nikiangalia.

Lakini nina akili. Mama wa kamati alipouliza nani atahudumia kahawa kwenye maonyesho Jumamosi, nikanyoosha mkono mbio nikamtaja Rosalind. Nikamsifia! Nikasema hakuna mwenye mkono wa kahawa kama yule bibie. Watu wakapiga makofi. Nikajua imekwisha: mwenye kumimina kahawa hakai na laptop. Kiti cha pembeni ya Arvid ni changu.

Rosalind akanishukuru. Akasema tangu ahamie hapa hakuna mtu aliyemkaribisha vizuri namna ile. Machozi yalimlengalenga. Nikatazama supu yangu.

Kisha Arvid akasema hakuna shida, birika lile ni zito, watalileta mezani kwao wamiminie hapo hapo, na yeye atasaidia kubeba. Kwa hiyo sasa wana laptop, wana vikeki, na wana kahawa. Kila mtu mjini atasimama pale. Nani kawapangia? Mimi!

Lavonne kaniuliza njiani mbona nasaga meno. Baridi, nikamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Cha nne, bluu. Cha nne tena, bluu.

Nimefikiri sana. Nani aliyesema lazima mtu apite ngazi zote? Anayetazama anaona juu tu. Nimeweka diski mpya kabisa, ile ya kasi. Nikafuta kila kitu, nikasakinisha kizazi cha tisa moja kwa moja. Chai haijapoa, kazi imekwisha. Nikachagua na rangi: samawati, safi, ya mtu mwenye adabu zake.

Na inavyowaka! Gusa tu, hiyo hapo! Ya Rosalind ikiona hii itajificha chini ya meza.

Kweli kidogo roho ilinisuta. Nikaiambia inyamaze.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi umejaa. Mimi peke yangu meza ya nyuma, karibu na choo. Ng'ambo ya pili wawili wale wanacheka, birika linafoka, haradali na zambarau zinawaka. Nikapaza sauti, nikasema mwenye kutaka kuona vizazi tisa vya kweli aje huku. Wakaja wengi. Arvid kaja mbele kabisa, uso wote tabasamu. Akasema ndugu yangu, kumbe umeweza! Akanikumbatia. Arvid hakumbatii watu.

Nikamwambia abonyeze mwenyewe.

Sasa, sisi watu wa klabu tuna mazoea: ukibonyeza, unaenda kuchukua kahawa. Mashine iliyobeba vizazi mgongoni haina haraka, kila kizazi kinaburuta takataka za kile cha chini yake. Arvid kabonyeza, kageuka kufuata kahawa. Hajainua mguu, mashine imeshawaka. Nikapiga kelele: mmeona kasi hiyo? Ya nani inaweza?

Watu wakatazamana. Nikadhani ni heshima.

Arvid akarudi polepole. Akaitazama ile samawati. Akaniuliza kwa sauti ya chini, Delmar, hii si umefuta ukaweka mpya?

Nikasema nimeipaka mafuta.

Mafuta! Ndiyo neno lililonitoka! Ukumbi mzima ulilipuka. Arvid alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo palipouma. Alisema hakutaka vizazi tisa, alitaka tuvipande pamoja kama zamani, ndiyo maana alipiga simu. Nilikosa pa kuweka uso.

Rosalind kanifuata na kikeki. Kasema hata yeye cha nne kilimliza wiki nzima. Nikakataa kikeki. Nikakichukua baadaye, nikakilia chooni. Kitamu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Siku njema! Baada ya ibada, Arvid huyo mlangoni na sanduku la disketi. Hakusema lolote la jana. Kauliza tu laptop iko wapi. Tukaanza chini kabisa, tukipokezana. Cha nne kikapita jaribio la kwanza tu, tukagongana mikono kama watoto. Kasema mwakani meza yetu itakuwa na viti vitatu, mimi, yeye na Rosalind. Nikasema sawa, na nilimaanisha. Nikaongeza kwamba wivu ni upuuzi, mtu mzima hana nafasi nao. Nilijisikia mwepesi sana.

Kizazi cha saba kilipoanza kujiweka, Arvid akaenda jikoni kuchukua kahawa. Nikangoja. Asilimia kumi. Asilimia arobaini. Vicheko huko jikoni! Nikachungulia. Lavonne anamsimulia ninavyokoroma, Arvid anajishika mbavu, mkononi ana kitambaa anamfutia vyombo. Vyombo vyangu! Mimi miaka yote hii hajawahi kunifutia hata kikombe. Alikaa huko mpaka asilimia mia. Na akiondoka kamwambia Lavonne, si mimi, kwamba Jumamosi atarudi kwa ajili ya kile chakula chake cha viazi na nyama cha kuoka.

Haiwezekani. Jumamosi Lavonne asiwepo hapa.

Nimempigia simu shemeji, ndugu yake Lavonne, kule Fargo. Nimemwambia dada yako anakukumbuka mno, usiku analia, mwalike japo wiki moja. Shemeji naye akalia. Akasema maskini dada yangu asisumbuke na barabara hizi za barafu, yeye mwenyewe anakuja Ijumaa, atakaa mwezi, na vipi yule Arvid, bado ni mcheshi vile?

Sawa. Na shemeji naye nitamtafutia pa kwenda.