Koti Liko Kazini

Mambo makubwa ya dunia yamegunduliwa na watu waliokaa tu. Robinson aligundua lake akiwa amekaa kwenye benchi la ofisi moja ya vyeti mtaani Buluk, mjini Juba. Alikuwa amevaa koti lake la zambarau, ambalo ndilo lililomfanya aaminiwe mjini, na ambalo mfuko wake wa ndani ndio uliokuwa benki yake. Alikuwa akimsubiri afisa ambaye hakuwepo.

Afisa hakuwepo, lakini koti lake lilikuwepo. Lilining'inia kwenye kiti, mabega juu, kama la mtu aliyetoka kidogo kujisaidia. Robinson akatazama meza ya pili: koti. Ya tatu: koti. Meza zote tano zilikuwa na makoti, na juu ya kola zake hapakuwa na kichwa hata kimoja.

"Mama, wenye makoti wameenda wapi?" akamwuliza mwanamke aliyekaa pembeni yake.

"Wameenda bukra," akajibu. "Nakuja leo, mlinzi anasema bukra. Nakuja hiyo kesho yenyewe, anasema bukra. Mimi iko hapa mpaka hii benchi inanijua kwa jina."

Jina lenyewe lilikuwa Nyaboth, muuza mboga wa mtaa wa Juba Na Bari aliyekulia uhamishoni Uganda. Binti yake Abuk alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi, na chuo kilitaka cheti chake cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa jioni. Bila cheti, kitanda chake bwenini kingelaliwa na mwingine.

Robinson alimhurumia kwa muda unaotosha kupiga chafya. Kisha akaondoka kwenda kutafuta wenye makoti.

Alimkuta wa kwanza, Bwana Jok, ng'ambo ya daraja huko Gumbo, akiuza saruji dukani kwake saa za kazi.

"Boss, sasa? Nimekuja kukuokoa," Robinson alisema. "Koti lako linakuchongea."

"Koti langu? Kivipi, ya zol, we jamaa?"

"Halijasogea tangu wiki iliyopita. Lina vumbi begani kama lori la Nimule. Na mmeletewa mkurugenzi mpya, Bi. Charity. Kioo cha mlango wake kinaonyesha vivuli tu, lakini kivuli kisichosogea, boss, hicho ni ushahidi."

Jok akaacha kupima misumari.

"Kampuni yangu inatoa huduma ya uwepo," Robinson akaendelea. "Kila asubuhi koti linageuzwa. Chai inafuka moshi. Faili linafunuliwa ukurasa mwingine. Na mezani tunaweka Katiba."

"Ya nini?"

"Heshima, boss! Inasema mtumishi wa umma awahudumie watu wote kwa maadili, bila upendeleo. Sasa wewe utampendelea nani? Hutakuwepo kwa wote, sawasawa."

Jok hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa mwadilifu kiasi hicho. Alilipa papo hapo. Wenzake wanne nao wakalipa, na kila mmoja akaleta koti lake la harusi, kwa kuwa Robinson aliwaeleza kwamba koti lililochakaa linaitia serikali aibu.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Ijumaa asubuhi Robinson angeingia na gunia, ayavune makoti matano ya harusi, ayauze sokoni Konyokonyo, kisha apande basi la Nimule, mpakani na Uganda, kabla ya mtu yeyote kusema "bukra".

Lakini kuchemsha chai si kazi ya mtu wa hadhi yake. Alirudi kwenye benchi.

"Mama Nyaboth, si uko hapa tu? Nigeuzie haya makoti, uyawekee chai. Nami nitakusemea kwa wakubwa kuhusu cheti."

"Wewe nadanganya mimi?"

"Mimi? Mama, niangalie."

"Naangalia," alisema Nyaboth, na kweli alimwangalia, kuanzia viatu hadi kola, bila haraka. Kisha akachukua birika.

Hapo ndipo mjanja alipokosea. Vile vitabu vitano vya Katiba alivinunua kando ya barabara bila kuvifungua, kama mwanafunzi anayenunua kitabu cha hesabu ili afiche chapati ndani yake. Nyaboth hakuwa na chapati ya kuficha. Alikuwa na siku nzima ya kusubiri. Akakifungua kimoja na kuwasomea wenzake wa benchi.

"Soma tena pale," alisema mzee Ngor, aliyekuwa akitafuta cheti cha mjukuu wake.

"Mamlaka ni ya wananchi."

"Wananchi ni akina nani?"

Watu wa benchi wakatazamana.

"Ni sisi, mzee," alisema Nyaboth.

"Kwa hiyo ofisi ni yetu?"

"Ni yetu."

"Na aliyetuweka kwenye benchi ni nani?"

Nyaboth akatazama makoti yaliyokuwa yakinywa chai yake. Akaliendea la Jok, akalivaa, akakunja mikono yake mirefu.

"Yala, mzee," akasema. "Vaa hilo lingine. Bukra imefika."

Ijumaa asubuhi Robinson alimwacha mwendesha boda langoni, akaingia na gunia lake chini ya kwapa. Akasimama ghafla. Makoti yote matano yalikuwa na vichwa.

Meza ya kwanza Nyaboth alipokea fomu. Meza ya pili mzee Ngor alizihakiki, miwani puani. Faili lilitembea kutoka koti hadi koti, likapita chini ya mlango wa Bi. Charity, likarudi limesainiwa. Benchi lilikuwa karibu tupu.

Robinson akajiinamisha mezani. "Mama," akanong'ona, "nipe makoti. Kuna... kuna ukaguzi."

"Panga mstari, ndugu."

"Mama, please! Mimi ndiye mwenye kampuni!"

"Koti liko kazini," alisema Nyaboth. "Anayefuata!"

Mlango ukafunguliwa. Bi. Charity alitoka na faili mkononi. Tangu ahamishiwe ofisi ile mpaka asubuhi hiyo hakuwa ameletewa hata karatasi moja, na alikuwa ameanza kuamini kwamba mjini Juba watu hawazaliwi tena.

"Bwana Jok," alisema kwa furaha, "leo mmefanya..." Akamtazama aliyekuwa ndani ya koti. Bwana Jok alikuwa amevaa kitenge na hereni.

Nyaboth akasimama. Faili alilolishika Bi. Charity lilikuwa la Abuk.

"Madam, koti ni ya Jok. Ndani yake ni mimi, raia tu. Hatujaandika uongo, unaweza kukagua. Tumebeba tu karatasi mpaka kwako, maana hapakuwa na wa kubeba. Kama ni kosa, nifunge mimi. Lakini mtoto wangu anataka kusoma, na leo ndiyo mwisho."

Bi. Charity alilikagua faili ukurasa baada ya ukurasa. Akaitazama Katiba iliyokuwa wazi mezani, imelowa tone la chai.

"Wenye ofisi wako wapi?" akauliza.

"Ndio sisi, binti yangu," alijibu mzee Ngor bila kuinua macho. "Subiri kidogo, nahakiki."

Bi. Charity akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasaini cheti cha Abuk kwa kalamu yake mwenyewe, akaagiza maafisa watano waitwe.

Walikuja mbio, bila makoti, Jok akiwa na saruji kwenye nyusi. Wakaambiwa wakae kwenye benchi.

"Mkurugenzi atatuona lini?" Jok aliuliza.

"Bukra," alisema mlinzi, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amesubiri miaka mingi kuwaambia wao neno hilo.

Hapo Jok akamwona Robinson na gunia, bado mstarini akiyasubiri makoti. Maafisa watano wakainuka kama mtu mmoja. Mjanja wa kweli, hata hivyo, hukimbilia ufundi wake. Robinson alivua koti la zambarau taratibu, akalitandika kwenye kiti mabega juu, akaweka kikombe cha chai mbele yake.

"Wakubwa, nimefika. Nakwenda kujisaidia, narudi tuongee."

Maafisa wakalitazama koti, wakatulia. Mtu mwenye koti kitini, wao walijua kuliko mtu yeyote, yupo. Walililinda mpaka ofisi ikafungwa.

Robinson alikuwa katikati ya daraja, nyuma ya boda, akichekea upepo wa Naili, alipoingiza mkono kifuani kuigusa benki yake. Akagusa shati.

Ada zote za uwepo zilikuwa Buluk, kitini, zikinywa chai.

"Simama, simama!" alipiga kelele. Dereva akasimama. Nyuma kulikuwa na Jok na wenzake. Mbele kulikuwa na Nimule, na basi lisilopanda mtu bure. Pikipiki nyingine ikawapita, imembeba Nyaboth kwenda chuoni, karatasi ameikumbatia kwa mikono miwili. Alipunga mkono kwa heshima.

"Ndugu, kama unashukia hapa, lete nauli," alisema dereva.

Robinson alijisogeza, akanyoosha shati, akaita tabasamu lake lote.

"Bukra, boss."

Dereva akazima pikipiki, akavitazama viatu vya Robinson, vizuri sana, vya ngozi.

"Mimi si ofisi," alisema. "Vua."