Pumzi Yangu na Mashine ya Badi

Jamaa zangu wa Mombasa, leo nimeadhirika. Naandika upesi kabla hamjasikia kwa wengine, maana Mambrui mnaijua.

Badi amekuja kutoka Maskati. Kesho anarudi, na hajui atakuja tena lini. Mnaikumbuka ile mashine yake ya gemu, ya kuchomeka kwenye televisheni? Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini ilitunyima usingizi. Watu wazima na ndevu zetu, tumebanana sakafuni kwa mamake, Bi Zuhura, tunatungua ndege. Anayekufa humpa mwenzake fimbo ya kuchezea. Kisha Badi akasafiri, nanyi mkatawanyika, na wenye kiwanda wakaacha kuitengeneza. Nimeitafuta mpaka Nairobi. (Uwezo ninao. Nilianza kwa kuchota maji ya zege kule Marafa, darasa la tatu sikulimaliza, na leo nusu ya mabati ya Malindi yametoka dukani kwangu.) Haipatikani. Kila nikifunga duka jioni, milio yake naisikia kichwani.

Basi leo Badi ananiambia kwamba Bi Zuhura ameihifadhi mvunguni, ndani ya kanga. Nikafunga duka mchana. Mimi, nisiyefunga hata nikiwa na homa!

Tukaichomeka. Televisheni ikatoa chenga tupu. Badi akaitoa kaseti ya gemu, akaipangusa, akairudisha. Chenga. Akanitazama.

"Sheikh, pumzi."

Mnakumbuka. Kaseti ikigoma, hapulizi mtu ila mimi, kwa kuwa babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na akiwasomea wagonjwa maji. Nyinyi wenyewe mlikuwa mkisema pumzi yangu ina baraka. Nikapiga bismillahi, nikaipuliza kaseti. Chenga. Nikasema vumbi limo ndani ya mashine yenyewe. Nikainama juu ya ule mwanya wa kaseti, nikajaza kifua, nikapuliza kwa nguvu zote za mtu anayetaka miaka yake irudi.

Likatoka jino. Kwa kweli mawili, pamoja na kipande chake cha plastiki. (Yale meno ya mbele niliyowaambia weupe wake ni wa mkaa na chumvi, niliyatengenezesha huko huko Mombasa, mtaa wa pili kutoka kwenu.) Yakatumbukia mwanyani, yakapotea.

"Thamahani," nikasema.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni anachochea jiko la kahawa. Akaja na koleo la mkaa, akachungulia.

"Mwanangu, yale uliyokuwa ukituchekea nayo harusini ndiyo haya?"

Akaingiza koleo. Nikamsihi aende polepole, si kwa ajili ya meno, kwa ajili ya mashine. Meno yakatoka. Na mle ndani kitu kikalia tak. Tukaiwasha, tukaizima, tukaiwasha. Imekufa.

Nikakaa sakafuni nimeziba mdomo. Mashine iliyosalia duniani, na aliyeiua ni mwenye baraka. Sikuweza hata kumtazama Badi, naye kesho yuko safarini.

Badi akageukia ukutani, akatia vidole mdomoni, akatoa ya kwake, safu nzima ya juu, akayaweka juu ya mashine kando ya yangu.

"Ya Maskati haya," akasema. Akanisogezea ile fimbo. "Shika. Mimi nimekufa."

Tukacheza hivyo hivyo, mbele ya chenga, mpaka adhana ya magharibi. Badi akitoa mlio wa ndege kwa ufizi mtupu, na wallahi ulikuwa ule ule. Bi Zuhura akatugombeza kwa kelele, kama zamani.

Sasa msinicheke. Au chekeni, lakini mdomo mkiufumba, maana umri wenu pia naujua.