Suzi Alivyonishusha Mbele ya Wakwe

Leo nimeaibika mbele ya wakwe.

Nawaandikia mapema, wazee wenzangu wa kikundi hiki, kwa sababu kuna video. Video hutembea haraka kuliko mimi na farasi wangu. Afadhali mlisikie jambo hili kwangu kwanza.

Wengi wenu mnajua niko na farasi. Ni jike, rangi ya udongo, anaitwa Suzi. Mwaka jana nilitoka nyumbani kwenda kutafuta tangi la maji, nikarudi na farasi. (Mke wangu, Mama Naserian, hulisimulia hili vizuri kuliko mimi, na hulisimulia mara nyingi.) Suzi alikuwa wa bwana mmoja mwenye uwanja wa mapumziko kando ya barabara ya Namanga. Wikendi watoto walipandishwa juu yake wakazungushwa. Uwanja ukafungwa, Suzi akakosa kazi. Mimi nami nilikuwa nimestaafu kufundisha chuo cha Biblia. Tulielewana.

Nilitaka kumwita Debora. Mama Naserian alikataa. "Mnyama wa kukuangusha," alisema, "usimpe jina la nabii."

Alijua anachosema. Wiki hiyohiyo Suzi aliniangusha langoni, ndani ya ua wa michongoma. Tangu hapo moyo wangu wa kupanda ulipungua. Nilikuwa nampiga brashi asubuhi nzima na kumpanda dakika chache. Nilimwambia kila mtu kwamba farasi lazima kwanza akuzoee. (Farasi alikuwa amenizoea. Mimi ndiye nilikuwa sijamzoea.)

Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Binti yetu Naserian hutuletea mjukuu wetu Nashipai kila Jumamosi. Ana miaka mitatu. Na kila Jumamosi babu yuko bandani, anachota samadi. Nikiingia nyumbani na harufu yangu, mtoto anajificha nyuma ya leso ya bibi yake. Hata kichwa cha salamu haniletei. Nyinyi mnajua kwetu mtoto humsalimu mzee kwa kuinamisha kichwa, naye mzee humgusa utosini. Watoto wa majirani huniinamia. Wa kwangu mwenyewe hapana.

Leo asubuhi, baada ya sala, Mama Naserian aliweka kikombe chake chini.

"Baba Naserian. Leo tunaenda kwa wakwe. Sisi tunaenda na gari ya Naserian. Wewe unaenda na nini?"

"Na Suzi."

"Na Suzi. Sawa. Basi tukubaliane hapahapa, Mungu akisikia. Ukienda naye na urudi naye, akae. Ukianguka, atafutiwa boma lingine. Siwezi kuuguza mifupa ya mzee kwa sababu ya mnyama hata maziwa hatoi."

"Baba, na uvae helmeti," Naserian akaongeza. Alikuwa amenitafutia moja ya bodaboda. Ni ya manjano. Nyuma imeandikwa: ABIRIA MMOJA TU.

Nikasema amina. Katika nyumba yetu amina ni kama sahihi kwenye mkataba.

Sasa niwaeleze jambo moja kuhusu Suzi, ili mnihukumu kwa haki. Ukimfunga tandiko mgongoni, hujaza tumbo hewa. Unavuta mkanda, unaona umekaza, kumbe umefunga pumzi. Kwa hiyo kanuni ni hii: funga, mtembeze kidogo apumue, kisha ukaze tena. Ndipo upande. Mwenye uwanja alinifundisha hivyo, na nimekuwa nikifuata kila siku.

Leo Mama Naserian alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, ananitazama. Nilitaka anione mtu mwenye uhakika. Nikafunga mkanda, nikakanyaga kreti la soda ninalopandia, nikakaa. Sikumtembeza. Sikukaza tena. Nikampungia mkono mke wangu kama kijana.

Hakunipungia.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Kwa wakwe si mbali, ni upande wa Kisaju, unafuata njia ya vumbi kati ya nyaya za uzio wa ploti. Nilivaa suti, shuka nyekundu juu ya suti, na helmeti juu ya vyote. Nilikutana na mama mmoja akiendesha punda zake wawili wenye mitungi ya maji. Alisimama akanitazama kwa utulivu, akanisalimu kwa Kimaasai.

"Mzee, sopa."

"Ipa."

"Umechukua punda ya nani?"

"Huyu ni farasi."

"Ndiyo. Lakini mama yake anajua umeichukua?"

Nikaendelea. Kwetu punda ni mali ya wanawake, na mwanamume akionekana na punda huulizwa. Sikuwa na muda wa kueleza tofauti. Mbele kidogo mwendesha bodaboda akapunguza mwendo akaenda sambamba nami.

"Mzee, hiyo inakula lita ngapi?"

"Inakula nyasi."

"Na huwa haizimi njiani?"

"Haijawahi kuzima," nilimjibu. (Kumbukeni jibu hilo.)

Kufikia hapo nilikuwa nimekaa wima. Mgongo haukuuma. Hofu ya michongoma ilikuwa imebaki nyuma pamoja na vumbi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyoingia.

Mkwe mwenyewe ni mzee mwenzangu, baba wa msichana aliyeolewa na mwanangu. Mimi naye tunaitana Pakiteng', kwa kuwa tulipeana ng'ombe. Waliopeana kondoo wana jina lao, na waliopeana mbuzi wana lao. Leo Pakiteng' alikuwa na ibada ya shukrani kwa nyumba mpya. Hema limesimamishwa, viti vya plastiki, spika mbili, na watoto wengi sana. Nilipotokea langoni watu walisimama. Nilimwona Mama Naserian katika safu ya pili. Nilimwona Nashipai magotini pake. Mtoto alikuwa ananitazama, na hakujificha.

Nilisema moyoni, Bwana, hapa nimefika.

Suzi naye aliona hema. Aliona viti. Alisikia muziki, aliona watoto. Masikio yake yakasimama. Mimi nilidhani anafurahia ugeni. Kumbe alikuwa amerudi kazini.

Nilivuta hatamu aende kwenye mti wa kivuli ambapo wanaume walikuwa wamekaa. Hakwenda. Alifuata ukingo wa hema, polepole, kwa heshima, akalizunguka lote. Alipita nyuma ya mchungaji. Alipita mbele ya sufuria za wapishi. Nilipungia watu mkono ili ionekane ni mpango wangu. Wakapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Alipomaliza mzunguko, akafika pale alipoanzia, akasimama.

Nikamgusa kwa visigino. Hakuna. Nikamwambia kwa upole, nikamwambia kwa Kimaasai, nikamwambia kwa Kiingereza cha mwenye uwanja. Hakuna. Ndipo nikakumbuka neno ambalo bwana yule aliniambia siku ya kumchukua: "Akimaliza raundi moja husimama mpaka abiria abadilishwe."

Abiria alikuwa mimi.

Mchungaji alishusha maikrofoni. "Tumpe mzee nafasi ashuke, tuendelee na maombi."

Kushuka hakukuwa rahisi. Goti langu la kulia linahitaji kreti la soda, na kreti lilibaki nyumbani. Kuomba kiti cha plastiki mbele ya wakwe niliona ni kujidhalilisha. (Mungu anisamehe. Ningejua kinachokuja ningeomba viti viwili.)

"Endelea tu, mchungaji," nikasema. "Nitaombea hapahapa."

Basi maombi yakafanyika na mimi juu ya farasi, helmeti mkononi. Katika mkutano ule wote mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na mbingu, na ndiye niliyekuwa na wasiwasi zaidi.

Baada ya amina, watoto wakaja. Walikuwa wamefundishwa vizuri, sitawalaumu. Walimwona mzee mgeni, wakajipanga, wakainamisha vichwa. Mzee hawezi kukataa kichwa cha mtoto. Ni kama kukataa kumbariki. Nikavaa helmeti tena nipate mkono huru, nikainama upande wa kushoto, nikamgusa wa kwanza. Wa pili. Wale warefu hawakunisumbua. Wafupi walinilazimu kunyoosha mkono, na kila niliponyoosha, nilihisi kitu chini yangu kikisogea kidogo. Suzi alikuwa ametoa pumzi yake zamani. Mkanda ulikuwa umelegea kama kamba ya nguo.

Nikajua. Nikakaa katikati, nikakaza magoti, nikasema sasa inatosha.

Hapo ndipo Nashipai alipotoka safu ya pili. Peke yake. Aliacha leso ya bibi yake, akapita kati ya viti, akaja mpaka ubavuni mwa farasi. Akainamisha kichwa.

Niambieni, wazee. Mngefanya nini?

Niliinama. Mkono haukufika. Nikainama zaidi. Ncha za vidole zikagusa nywele zake, na tandiko likaanza kugeuka. Halikugeuka ghafla, hilo ndilo linaloonekana vizuri katika video. Liligeuka taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na mimi pamoja nalo, mkono wangu ukiwa bado utosini mwa mtoto. Niliona mgongo wa Suzi ukipanda juu. Niliona tumbo lake. Niliona watu wote wa hema, wakwe wakiwemo, miguu juu. Kisha shuka yangu ikanifunika uso, na nikawekwa chini, nyasini, kwa mgongo.

Suzi hakusogeza hata kwato. Spika moja tu ilikuwa ikilia.

Nashipai akafunua shuka usoni pangu, akanitazama kwa makini.

"Babu ameshuka," akawatangazia watu. "Sasa zamu yangu."

Sijawahi kusikia wakwe wakicheka namna ile. Mchungaji aliweka maikrofoni mezani akaenda nyuma ya hema. Mpishi mmoja alikaa chini.

Pakiteng' aliniinua. Mama Naserian alifika bila kukimbia. Alinipapasa mabega, akanipapasa goti.

"Umeumia?"

"Hapana. Helmeti imefanya kazi."

"Shukuru Mungu. Umeanguka, Baba Naserian."

"Nimeanguka."

Amina ni amina. Nikamgeukia mkwe wangu mbele ya mashahidi wote, nikasema, "Pakiteng', tulikubaliana nyumbani kwamba nikianguka, farasi huyu apate boma lingine. Wewe una malisho. Mchukue, nakupa kwa moyo safi."

Alimtazama Suzi. Alinitazama mimi, majani juu ya helmeti.

"Hapana, Pakiteng'. Ukinipa ng'ombe nina jina la kukuita. Kondoo, mbuzi, jina lipo. Lakini ukinipa huyu, nitakuitaje mbele ya watu? Ukae naye. Tusiharibu undugu."

Tulipokuwa tukishauriana hivyo, Naserian alikuwa amerudisha tandiko mahali pake na kukaza mkanda. (Alimtembeza kwanza. Akakaza tena. Mimi ndiye niliyemfundisha.) Akampandisha Nashipai, akamshika kiuno. Suzi alihisi abiria mpya, akaondoka mwenyewe, polepole, akazunguka hema, akasimama pale pale. Nashipai akashushwa. Mtoto mwingine akapandishwa. Foleni ilikuwa imefika jikoni.

Nilipewa kamba. Nilizunguka hema lile mpaka suruali ya suti ikawa rangi ya Suzi. Kina mama walikula chakula kikiwa moto, jambo ambalo waliniambia halijawahi kutokea katika sherehe yoyote. Kila baada ya watoto kadhaa Nashipai alirudi kwenye foleni, na kila alipopanda alinishika bega kwa mkono mmoja. Nilinuka farasi kuliko siku zote. Hakujali, kwa maana alinuka vilevile.

Mwishowe Mama Naserian aliniletea chai. Alisimama nami tukamtazama Suzi akizunguka na Naserian.

"Nimefikiria," alisema. "Wewe umeanguka, kwa hiyo farasi ametoka kwako. Hilo halibadiliki."

"Halibadiliki."

"Na yule mama wa punda uliyekutana naye njiani amenipigia kuniuliza kama nimeibiwa. Nikaona ana maana. Mnyama wa kubeba ni wa mama. Kuanzia leo Suzi ni wangu. Boma jingine ndilo hilo."

Nimefundisha Maandiko miaka mingi, na najua neema ninapoiona.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utashika kamba. Jumamosi ni ya wajukuu. Siku zingine ukitaka kupanda, utaniomba, na mkanda nitaukaza mimi." Akachukua kikombe. "Na tangi la maji sijasahau."

Tulirudi jioni jua likiwa bado juu ya nyaya. Nashipai alikataa gari. Alikaa juu ya Suzi na helmeti ya manjano iliyomfunika mpaka puani, bibi yake akimshika upande mmoja, mimi mbele na kamba. Bodaboda yule wa asubuhi alitupita.

"Mzee, kumbe ilizima?"

"Haikuzima," nilisema. "Imebadilisha abiria."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mgongo unauma kidogo, moyo umetulia, na namshukuru Mungu kwa vyote viwili. Video mtaiona, siwezi kuizuia. Ombi langu ni moja: msinicheke. Kesho kanisani nimepangiwa kusoma somo, nimelifungua nikaona linahusu kujishusha. Nitalisoma polepole, na mtu akikohoa nitajua ni nani.