Faili Elfu Sitini na Posho ya Ijumaa

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mkurugenzi amemsifu mwenzangu wa kazi Mélanie mbele ya wote kwa kurekebisha printa. Printa! Mimi Tshimanga nina miaka tisa katika chumba hiki cha kompyuta, kiwanda kizima kinanijua, na sijasifiwa hata siku moja. Nimeudhika.

Jumanne, 7 Machi
Nimesoma kitabu cha mashine, yaani kompyuta yetu kubwa. Kumbe ilikuja na kikomo kilichowekwa huko huko ilikotoka: kila programu iruhusiwe kufungua faili sitini tu kwa wakati mmoja. Zetu hufungua tano. Si hoja. Ni suala la heshima.

Jumatano, 8 Machi
Nimeweka elfu sitini. Nimemwandikia mkurugenzi kwamba nguvu ya mashine imeongezeka mara elfu. Mélanie kauliza ni nani aliyelalamika kwamba sitini hazitoshi. Wivu huo.

Alhamisi, 9 Machi
Mashine inajikokota. Nimelaumu umeme. Umeme wa Likasi haukatai lawama. Kesho ni posho: lori la unga linafika saa mbili, saa sita linaondoka kwenda Kambove. Asiye na bon, ile karatasi ya posho inayochapwa na mashine yetu, hapati mfuko. Nyumbani umebaki unga wa kusonga bukari mara moja tu.

Ijumaa, 10 Machi
Bon hutoka kwa alfabeti, na kwa kila jina programu huanza upya. Kawaida ni kufumba na kufumbua. Leo dakika nzima. Mélanie kachunguza, kanieleza: programu ikianza, kwanza hupita kufunga kila faili inayoweza kuwa wazi, hata ambayo haijawahi kufunguliwa. Ni kama mlinzi anayekagua makufuli elfu sitini kwenye nyumba yenye milango mitano. Akataka kurudisha sitini. Nikakataa. Barua nilikwisha kuituma.

Saa sita lori limeondoka. Tulikuwa tumefika jina la Numbi. Mkurugenzi akaamuru, Mélanie akarudisha sitini, na bon zote zilizobaki zikatoka kwa dakika nne. Ikiwemo yangu.

Mke wangu Angèle alikuwa getini na mfuko mtupu. Akaniuliza mbele ya watu: "Weye njo chef ya machine, batoto batakula nini leo?" Niliona aibu, kweli.

Jumamosi, 11 Machi
Mélanie katuletea nusu ya unga wake. Yeye ni Kabamba, alipata mapema. Nimekula. Bukari ilikuwa nzuri, jambo lililoniudhi zaidi.

Nimetafakari kwa unyenyekevu na nimeliona kosa. Ni alfabeti. Jumatatu orodha itaanzia Z, na kikomo nitaweka laki moja.