Paa la Madebe Kumi na Nane

Jumatatu, 6 Machi 1911

Simaloi ameondoka. Amebeba chungu kikubwa, kigoda chake, na mtoto mgongoni. Ameniachia chungu kidogo chenye ufa. Dharau gani hii!

Sababu ni paa. Linavuja juu ya kitanda, mahali pamoja tu, padogo, pa kuingiza ngumi. Jana mvua ya kwanza ilimdondokea mtoto puani. Simaloi alisema amengoja tangu masika ya mwaka jana. Nikamweleza kwamba katika muda huo nimetengeneza mtego wa panya wenye milango miwili, kigoda cha kukunja, na bomba la mianzi la kuleta maji ya mfereji mpaka jikoni. Akajibu kwamba mtego umenasa kuku, kigoda kimemkunja baba yake, na bomba limeleta vyura. Mke wangu hukumbuka mambo madogo madogo.

Baba yake huyo, Mzee Lemayian, ametuma neno. Jumamosi ya tarehe 18 atakuja mwenyewe, atakaa chini ya tundu lile na kungoja mvua. Akitoka mkavu, binti yake atarudi. Akilowa, wataitwa wazee na ndoa yetu itazungumzwa.

Njia ya kawaida kila mtu huku mlimani anaijua. Unapika pombe ya ndizi, unaita majirani, wanakuja na majani makavu ya migomba, na kabla jua halijageuka paa limekwisha. Tatizo ni kwamba kiongozi wa kuezeka ni Meitamei, jirani yangu. Tulitahiriwa mwaka mmoja, lakini sasa haongei nami. Eti niliazima tezo lake la kuchongea miti kwa siku moja, miezi mitano iliyopita. Niliona mpini ni mrefu mno nikaufupisha. Kwa faida yake! Badala ya kushukuru, anataka tezo, mpini mpya, na neno samahani. Tezo ninalo. Neno hilo sina.

Nitaezeka peke yangu. Simaloi alisema mlangoni kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa. Lakini kidole kimoja ndicho huonyesha njia! Nimeipenda hii, nimeiandika hapa. Daftari hili alinipa mwalimu wa misheni ninakili nyimbo. Nyimbo zina kurasa tatu. Zilizobaki ni zangu.

Jumatano, 8 Machi

Nimepata! Nilishuka mjini kwa Mhindi mwenye duka karibu na boma la Wajerumani, kuuza asali. Nyuma ya duka nikaona madebe matupu ya mafuta ya taa, lundo zima. Bati! Wazungu wanalala chini ya bati na hawavujiwi. Debe likipasuliwa na kunyooshwa si bati hilo hilo? Nimetoa asali yote, nimepata madebe kumi na nane. Mhindi aliuliza ni ya kazi gani. Nikamwambia atasikia.

Ulisikia mji mzima. Kumi na nane mgongoni kwa kamba moja, na njia ya kupanda! Kila hatua ni ngoma. Mbwa wote wa Sekei, kijiji chetu, walinisindikiza. Meitamei alikuwa uani kwake anachonga mzinga wa nyuki. Hakunisalimu. Alimuuliza mke wake, kwa sauti ya kunifikia, kama kuna mtu anahamisha mto. Mke akacheka. Nilipita kichwa juu, nikajikwaa.

Ijumaa, 10 Machi

Kupasua debe si kazi ya mtu mvivu. Debe lina pembe nne na kila pembe inauma. Vidole nilivyokata: vitatu. Madebe yaliyonyooka: kumi na sita. Yaliyokataa: mawili. Nimeyalalia, bado yamekataa.

Sina nyundo. Nimetumia tezo la Meitamei, kwa kisogo chake kwanza, halafu kwa makali, maana kisogo kinachelewesha. Jioni nimelitazama. Limeota meno. Sidhani ataona.

Jumamosi, 11 Machi

Siku ya aibu, lakini kosa si langu.

Nilipanda juu ya paa asubuhi. Kwanza niliondoa majani yaliyooza kuzunguka tundu. Yaliyooza yalikuwa yameshikana na mazima, nayo mazima yalikuwa yameshikana na mengine. Kufumba na kufumbua nusu ya paa iko chini. Nilikuwa nakusudia hivyo hivyo.

Ndipo nikamwona Nosim, mama mkwe wangu, anakuja kwa njia ya mferejini. Desturi yetu inajulikana: mimi na yeye hatutazamani. Tukikutana njiani, mmoja huingia migombani. Nami niko juu ya nyumba kama jogoo! Migomba iko wapi? Nikafanya jambo la adabu. Nikajitupa kichwa mbele kwenye tundu.

Tundu lilinikubali mpaka kiunoni. Kichwa ndani, miguu nje, ng'ombe wetu chini ananiangalia. Nilimsikia mama mkwe akisimama. Kisha akasema, kama anayesema na migomba, kwamba amepita tu kuona kazi inaendeleaje, na ameona kiasi. Akaondoka. Nilimsikia anacheka mpaka kwenye kivuko. Ufito mmoja ukavunjika, nikamwangukia ng'ombe.

Najifariji hivi: adabu ni ya uso, na miguu haina uso.

Jumanne, 14 Machi

Limekwisha! Nimelia kidogo, si kwa maumivu tu.

Upande wote wa kitanda ni bati tupu. Misumari saba ya misheni, kwingine kamba za mgomba. Debe la mwisho halikupata msumari, nimelifunga upande mmoja tu, hupepea kidogo upepo ukivuma. Linapendeza. Jua likipiga, nyumba yangu inawaka. Watu wamekuja kutoka ng'ambo ya mto kutazama, wakiwa wamejikinga macho kwa viganja. Bibi mmoja aliuliza kama ni ugonjwa. Meitamei amelalamika kwa watu kwamba nyuki wake wamekataa kuingia mzingani, wanadhani jua limeshuka upande usio wake. Wivu una maneno mengi.

Jambo la ajabu: leo mchana niliona bomani nako kunametameta. Wameweka kitu kinachong'aa juu ya ukuta, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Wameniiga! Mimi, Mikaeli wa Sekei! Nimepanda juu nikawapungia mkono.

Jumatano, 15 Machi

Boma limemetameta tangu asubuhi, kwa haraka zaidi kuliko jana. Nadhani wanafurahi.

Alasiri mvua ikaja. Nikakaa kitandani kwa raha zangu nikaisubiri.

Hakuna aliyeniambia kwamba bati lina sauti! Tone la kwanza: pa. La pili: pa. Kisha mlima wote ukaniangukia kichwani. Sikusikia hata mayowe yangu. Ng'ombe wetu, ambaye maisha yake yote amelala chini ya majani ya migomba, alisimama, akanitazama kwa macho ya kunilaumu, akatoka. Hakutumia mlango. Alitumia ukuta. Nimemkuta kwa Meitamei, amekwisha kula miche minne ya migomba na anatafuna wa tano. Amekataa kurudi. Nimemvuta mkia. Amekataa.

Halafu maji. Zamani paa lilivuja mahali pamoja. Sasa linavuja mahali kumi na moja, nimehesabu, ingawa ni mahali palipopangika vizuri. Haba na haba hujaza kibaba, wasemavyo. Vimejaa kibaba, chungu chenye ufa, na kiatu changu cha Jumapili.

Zimebaki siku mbili tu. Nimemkumbuka mtoto na pua yake. Nimejilaza upande mkavu wa nyumba, mahali pa ng'ombe.

Ijumaa, 17 Machi

Leo nimeponea chupuchupu.

Asubuhi alifika askari wa boma, na bunduki, na kofia, na hasira ya mtu aliyepanda mlima kwa miguu. Aliuliza ni nani hapa anayepeleka habari kwa kioo. Nikasema sijui kioo. Akanyoosha kidole juu ya paa. Lile debe la mwisho lilikuwa linapepea: linawaka, linazima.

Kumbe! Bomani wana mtu ambaye kazi yake ni kuongea na boma la Moshi kwa kioo na jua. Tangu Jumanne ameona mlima unaongea naye. Amejibu. Ameuliza ni nani. Mlima umeendelea. Ameandika kurasa tatu za maneno yangu, hakulala akizisoma, na mstari wa tisa, kwa bahati mbaya, umetokea kuwa tusi la Kijerumani. Bwana Mkubwa wa boma amesomewa. Askari aliniambia nijiandae kwa hamsa ishirini. Nikavifikiria viboko hivyo ishirini na tano, na makalio yangu yakajikunja yenyewe.

Watu walikuwa wamejaa uani. Ndipo Meitamei akajitokeza, akamwamkia askari kwa heshima, akamwambia: bwana, huyu hawezi kupeleka habari hata kwa mke wake akarudi nyumbani, sembuse kuipeleka Moshi. Akamwonyesha kazi yangu: kamba, misumari saba, ukuta uliotobolewa na ng'ombe. Akamwomba aingie ndani aangalie juu. Askari akaingia. Akaangalia. Tone la mvua ya usiku likamwingia jichoni. Alipotoka alikuwa ananihurumia, na hilo liliniuma kuliko bunduki.

Viboko nimesamehewa. Adhabu: nimeyang'oa madebe yote na kuyabeba mwenyewe mpaka bomani. Ngoma ile ile, mbwa wale wale. Nimengoja pale nusu ya siku chini ya mti huku yule fundi wa kioo akija kunitazama na kwenda zake, akija na kwenda zake.

Nimerudi jioni. Nusu ya nyumba yangu ina mbingu. Kesho ni Jumamosi na Mzee Lemayian habadilishi neno. Nampenda Simaloi. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote. Nimeliandika sasa, kwenye ukurasa wenye mchoro wa mtego wa panya.

Jumamosi, 18 Machi

Nimeamka kwa kelele za watu. Nikadhani ni askari, nikaingia chini ya kitanda. Alikuwa Meitamei na wanaume kama ishirini, kila mmoja na mzigo wa majani ya migomba, na nyuma yao Simaloi na mtungi wa pombe kichwani.

Kumbe siku zile mimi nalalia madebe, mke wangu alikuwa anapika pombe kwa mama yake! Alikwenda kwa Meitamei Alhamisi, akamwomba kwa niaba yangu, akatamka lile neno ambalo mimi sina. Alilitamka mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya miche ya migomba. Niliposikia nilitaka ardhi inimeze.

Meitamei alinyoosha mkono bila salamu. Nikampa tezo. Akalitazama upande huu. Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye yale meno. Akasema kwamba ni vizuri, kwa muda mrefu alikuwa anatamani kuwa na msumeno. Kisha akapanda juu ya paa, akaanza kazi. Basi. Nilijisikia mdogo kama siafu.

Nilitaka kusaidia. Nikaambiwa nimshike ng'ombe. Nilimshika siku nzima.

Kabla jua halijageuka paa limekwisha na ukuta umezibwa. Mzee Lemayian akafika, akakataa kigoda changu cha kukunja, akakaa juu ya gogo mahali pale pale. Mvua ikaja kwa wakati wake. Hakuna sauti, ila ule mnong'ono wa maji juu ya majani. Mzee akatazama juu muda mrefu. Akasinzia. Alipoamka akapangusa kipara chake kwa kiganja, akakitazama kiganja: kikavu. Akasema binti yake aingize vyombo.

Simaloi akaingiza chungu kikubwa. Halafu kigoda. Halafu akanipa mtoto. Nilifurahi mpaka nikapata kwikwi, mtoto akazicheka.

Nikatoka nje kumshukuru Meitamei kama mtu mzima. Nilikuwa nalo neno mdomoni kabisa. Ila nilipoinua macho nikaona upande wa kushoto majani hayakubanwa sawasawa, nikamwambia hilo badala yake.

Jumatatu, 20 Machi

Nyumba kavu. Mke yupo. Mtoto amelala na pua yake kavu. Ng'ombe ameingia kwa mlango. Namshukuru Mungu, na nimeapa: ufundi basi. Nimetubu kabisa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa migomba na mifugo.

Ila kuna jambo moja. Majani mapya ni mazito, ndani ni giza. Simaloi analalamika kwamba hauoni uzi anaposhona shanga. Amelalamika mara moja, lakini mara moja kwa mume mwema inatosha. Nami ile Ijumaa, nikingoja chini ya mti bomani, niliokota chupa kubwa ya kijani ya Wazungu. Kitako chake ni kizima. Kioo safi! Kikiwekwa juu ya paa, mwanga utashuka ndani mzuri, wa kijani, kama wa chini ya migomba. Misheni wana dirisha ukutani. Nani ana dirisha la kutazama mbinguni?

Simaloi amekwenda kwa mama yake kurudisha mtungi, atarudi jioni. Mawingu yamekaa juu ya mlima Meru, lakini hayana haraka. Nimepima: mahali panapofaa ni juu ya kitanda. Tundu dogo tu, la kuingiza ngumi.

Meitamei yuko msituni kwa nyuki wake. Mke wake, kwa wema wake, ameniazima tezo, kwa siku moja. Lina mpini mpya. Mrefu mno.