Isale kwa Manesi Wote

Jumapili, 8 Machi 1998
Tangazo baada ya misa! Mkoa unaunda kikosi cha kujitolea, cha kutibu watu penye maafa. Mvua za El Nino zimewatia wakubwa hofu. Daktari wa Mkoa anakuja Uru Jumamosi. Akikuta watu wa kutosha, makao ya kikosi yatakuwa hapa. Asipowakuta, anapeleka kila kitu mji wa Mkuu, Rombo. Kitahitaji mwenyekiti. Nani kama si mimi, Theodory? Nina duka la dawa. Nina koti jeupe. Mama Salvina, nesi mstaafu, jirani yangu wa upande wa juu, naye kanyoosha mkono. Kwa kuwa amezalisha kina mama nusu ya kijiji, anadhani kila kitu ni chake. Tutaona.

Jumatatu, 9 Machi
Aibu tupu. Nimezunguka kwa manesi wastaafu wote. Mmoja ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Priska kasema alishajitolea vya kutosha alipokuwa analipwa mshahara wa serikali. Filbert mwenye lori kasema dizeli haijitolei. Shikamoo nimetoa nyingi, mtu sikupata hata mmoja. Viatu vimejaa tope.

Jumanne, 10 Machi
Akili imefunguka nikikata majani ya ng'ombe. Isale, mmea wetu wa kuwekea mipaka! Kwetu mtu akikuletea jani la isale huwezi kumkatalia, hata kama alikuchomea nyumba. Mke wangu Mektrida kanikumbusha kwamba isale ni ya kuomba msamaha, si ya kuitia mkutano. Nimemwambia jani ni jani. Nimeyakata mpakani kwa Basili, jirani wa upande wa chini, maana yalikuwa yamestawi vizuri. Kila mtu nimempelekea la kwake na ujumbe: Jumamosi asubuhi, kwangu. Hata Mama Salvina nimempelekea, aje ashuhudie.

Alhamisi, 12 Machi
Wote wamekubali! Ila kuna jambo. Watu wananitazama kwa huruma. Priska kanishika mkono sokoni, kasema amenisamehe ule mkungu wa ndizi. Mkungu gani? Filbert kasema siku zote alijua ni mimi niliyetoboa gurudumu lake, lakini yameisha. Sijawahi kuligusa! Nikikana, hawaji. Nimewashukuru. Hadi jioni nilikuwa nimesamehewa hata na kuku wa watu.

Kisha akaja Basili, amefura. Yeye hakupata jani, amepata visiki. Anasema nakula mpaka wa kihamba chake, shamba alilorithi kwa babu. Nikakimbilia ndani kumletea isale. Akaniuliza nimelikata wapi.

Jumamosi, 14 Machi
USHINDI!

Asubuhi uwanja umejaa. Manesi, Filbert na lori lake, hata Basili, aliyekuja na kesi yake ya mpaka. Wote wakauliza mbuzi wa upatanisho yuko wapi. Mbuzi! Mektrida akanionyesha zizi. Nilikuwa namfungua mbuzi wetu kwa uchungu wakati Daktari wa Mkoa alipoingia mbio, hata salamu hakuna. Maji yameingia Chekereni, kule tambarare, watu wako juu ya mapaa. Kikosi kiko wapi? Nikanyoosha kidole: ndicho hiki! Mama Salvina alikuwa ameshapanda lori. Mbuzi amepona.

Chekereni niliruka wa kwanza, koti jeupe, nikitoa amri. Nikatumbukia kwenye mfereji wa mpunga. Basili ndiye aliyenivuta kwa kamba, akinikumbusha habari ya mpaka. Kikosi kikapata mgonjwa wake wa kwanza: mimi, kifundo cha mguu. Nikiwa kwenye machela niliwaona wakifanya kazi. Watu wakishushwa mapaani, watoto wakifunikwa blanketi, Priska akifunga majeraha kama hajawahi kustaafu. Mama Salvina akamzalisha mama mmoja juu ya magunia ya mpunga. Mtoto wa kike! Hakufa mtu. Daktari akauliza nani aliyewakusanya watu hawa. Wote wakaonyesha kwenye machela. Nikapunga mkono. Nililia, sifichi.

Jumapili, 15 Machi
Padre kanitaja katika mahubiri: Kwaresima hii kuna muumini aliyeomba radhi kwa parokia nzima. Kanisa zima likageuka. Nikainamisha kichwa, nilipendeza sana.

Makao ya kikosi ni Uru! Mwenyekiti ni Mama Salvina, kwa kauli moja. Mimi nimekabidhiwa machela. Machela zote za mkoa, nyumbani kwangu! Mektrida anauliza tutalala wapi. Basili amenisamehe, kwa sharti nipande masale mapya mpakani. Nimeapa sitagusa tena mpaka wake.

Jumatatu, 16 Machi
Nimesikia Rombo nao wanataka tawi la kikosi. Tawi litahitaji mwenyekiti! Mguu bado umevimba, lakini panga nimeshalinoa. Ya Basili sigusi, nimeapa. Ila kule juu, mpakani kwa Mama Salvina, yapo masale marefu, mabichi, na mwenyewe leo yuko mjini mkutanoni.